Mwalimu Asiyeitikia Salamu

Nyumbani, 4 Februari

Mdogo wangu,

Kwanza kaa chini ndipo upokee salamu zangu, maana ni nyingi, ukizipokea umesimama zitakuangusha. Huku wote wazima. Shemeji yako anajenga banda la kuku, leo siku ya nne, na kuku wenyewe wamekaa nje wanamtazama kama wakaguzi. Goti langu limenipa likizo. Bati la jikoni linavuja palepale, nimepawekea sufuria na maisha yanaendelea.

Sasa tuje kwa Bwana Mkubwa wangu. Ile picha uliyonitumia, amesimama na wanafunzi wake wa ngoma mbele ya mlango wa Kituo, nimeitia fremu. Iko ukutani, na mgeni asiyeiona namwonyesha. Juzi mwalimu mkuu wa hapa jirani aliniuliza, "Hicho kituo cha sanaa ni cha serikali?" Nikamwambia, ni cha watu wa mtaa wenyewe. Kina darasa la kuchora, la cherehani, la vyungu na la ngoma, tena kina ukumbi wa harusi na mikutano. Mwalimu wa ngoma ni mwanangu, na mwenye funguo za ukumbi ni mdogo wangu. Akasogea kuitazama picha tena.

Wanawake wa kikundi chetu wamekata shauri kuja kwenye onyesho lenu la Agosti. Tuko ishirini na wanane na mwenye basi ameshakubali. Tafadhali, viti vya mbele. Sitaki kumtazama mwanangu kupitia kisogo cha mtu.

Kuna kajambo kamoja tu. Siku hizi mwanangu hapokei simu. Inaita mpaka inachoka, halafu baadaye unakuja ujumbe: "Nilikuwa kazini, mama." Kazini hata Jumapili asubuhi? Mwangalie kidogo, kisha uniandikie barua. Usipige. Simu ya hapa dukani ina sauti kubwa, hata mbuzi wanazijua habari zetu.

Ni mimi dada yako.


Kituoni, 27 Februari

Dada yangu,

Barua yako nimeisomea hapa mezani kwangu, watu wa harusi wakinisubiri na mimi nacheka peke yangu. Wamenionea huruma, wakasema nimechoka. Shemeji mpe pole na banda, kuku wape pole zaidi.

Kweli nimechoka. Ghala hili la zamani la magunia, tuliloligeuza ukumbi, sasa kila mtu analitaka. Jumamosi iliyopita asubuhi ukumbini palikuwa na sherehe ya kuzaliwa ya mtoto, mchana kikao cha ndugu waliogombea shamba, jioni harusi. Tulisahau kutoa maputo, basi wale ndugu wakatukanana chini ya maputo. Mmoja alipasuka kicheko na ugomvi ukaishia hapo.

Mwanao ni mzima. Amenenepa kidogo. Darasa lake limejaa, wengine wanasimama. Anafundisha pekupeku, amekaa kwenye sanduku, nyayo zimekandamiza mbao za sakafu, na wanafunzi wote nao wanavua viatu wakidhani ndio mtindo. Mlangoni pa chumba chake viatu vimejaa utadhani kuna msiba.

Simu sijui, Dada. Mtu akiwa katikati ya ngoma kumi na mbili ataisikiaje?

Viti nitaviweka. Nikuulize kitu, lakini usianze kupiga kelele: utotoni aliwahi kuumwa masikio? Nauliza tu.

Mdogo wako.


Nyumbani, 11 Machi

Mdogo wangu,

Tunashukuru, tu wazima. Kuku wamehamia, banda limeinama upande lakini shemeji yako anasema ndivyo alivyokusudia.

Swali lako nimelisoma mara tatu. Mwanangu kuumwa masikio! Mwanangu hakuwahi kuumwa hata mafua. Alitembea ana miezi tisa. Akiwa na miaka kumi kwaya nzima ya shule ilikuwa inamtazama yeye ndiyo ijue pa kuanzia. Mtoto mwenye masikio mabovu angeweza hayo? Hebu niambie.

Nani anasema? Ni yule fundi wako anayefundisha cherehani? Nilimwona kwenye ile picha, amechungulia mlangoni nyuma ya wanafunzi, ana uso wa mtu wa kusema watu. Wivu ni kitu kibaya, na mwanangu tangu zamani watu humwonea wivu kwa sababu ana maringo. Mimi sikatai, maringo anayo. Amezaliwa nayo. Mtu akimwita mara ya kwanza haitiki, mara ya pili akipenda. Ndiyo maana tukamwita Bwana Mkubwa.

Tumeshachagua rangi ya sare za safari. Ni njano. Mtatuona tukiwa bado barabarani.

Halafu hukusema. Ni sikio la kushoto au la kulia?

Dada yako.


Kituoni, 20 Aprili

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuandikia mara mbili nikachana. Huku hatujambo kwa maana ya kwamba tunaamka.

Nikueleze mambo yalivyokuwa, usiruke mistari.

Wiki mbili zilizopita, Jumatano, fundi cherehani aliingia stoo kutafuta vitambaa vya mazoezi. Mwanao akapita, akaona mlango wa stoo uko wazi, akaufunga kwa ufunguo kama tulivyomwagiza. Yule mama alikuwa ndani. Akagonga, akaita, akapiga mlango kwa mkasi. Mwanao alikuwa amesimama palepale nje, hatua mbili, amegeuka upande wa dirisha, anakunywa chai. Mimi nilikuwa ukumbini nikipanga viti na nilimsikia kutoka huko. Nilikuja mbio. Nikamwona anavyokunywa chai yake kwa utulivu, Dada, nikampokonya ufunguo nikafungua mwenyewe.

Fundi alipotoka alimwambia, "Wewe kijana, umenisikia ukaniacha!" Unajua alifanya nini? Aliinua kidevu, akatabasamu, akapita. Hakusema pole, hakusema samahani. Akapita tu!

Sasa malalamiko yamefika kwa kamati. Si hilo peke yake. Mfinyanzi anasema amemsalimu siku tano mfululizo bila kuitikiwa. Wazazi wanasema akiulizwa kitu hujibu kingine. Mwenyekiti ameniambia mimi kama shangazi mtu: "Dada karani, ngoma anajua, hilo hatubishani. Lakini dharau hatuwezi kuifuga hapa. Nyumba hii ni ya watu, na mtu ni salamu." Nikamwambia mimi ni mama mdogo, si shangazi, basi hicho tu ndicho nilichoweza kumjibu. Kikao ni tarehe 14 Juni. Wakisema aondoke, ataondoka.

Nilimpeleka kwa daktari kwa nguvu, kama mtoto. Nilimdanganya tunakwenda kununua ngozi za ngoma. Daktari alimchungulia masikio yote mawili, akachungulia tena. Amesema sikio la kushoto karibu limekufa. Ni ugonjwa wa zamani, wa utotoni, ulikauka kwa nje lakini ndani unaendelea kula mfupa taratibu, na sasa upande wa kulia nao umeanza. Anataka apasuliwe hospitali kubwa kabla haujapanda kichwani. Amesema hivyo, kichwani. Tena anataka kujua ulianza lini, na kiliwekwa nini ndani.

Nikamgeukia mwanao. Akasema, "Muulize mama." Tangu siku hiyo hataki kurudi. Nikimtaja daktari anasema hana ugonjwa, mama yake anajua kwamba hana ugonjwa.

Dada, nimekuuliza mara moja kwa utani. Sasa nakuuliza kwa machozi.

Mdogo wako.


Kituoni, 19 Mei

Dada,

Mwezi mzima. Dereva wa basi ananiambia barua alikukabidhi mkononi, na ulimpa maji ya kunywa. Kwa hiyo umeipata.

Jana mwanao alifunga ukumbi mapema na kuzima taa, kwaya ya vijana wakiwa ndani wanaimba. Walikuwa wanaimba, Dada! Walidhani amewakasirikia. Nilipowafungulia, walitoka wakipapasa ukuta.

Usiku analalia kitambaa, asubuhi kina unyevu wa njano. Anakifua mwenyewe kabla sijaamka, anadhani sijui.

Zimebaki siku ishirini na sita kufika kikao. Kama hutaki kuniandikia mimi, mwandikie yeye.

M.


Nyumbani, 2 Juni

Mdogo wangu,

Leo salamu ni moja. Sisi wazima, na mimi si mzima.

Nimeiweka barua yako chini ya godoro wiki sita, nimeilalia kama kuku. Shemeji yako aliniuliza kwa nini silali, nikamwambia ni goti. Jana nilimweleza yote. Alitoka akaenda kukaa na kuku wake. Kwa hiyo sasa nimebaki na wewe.

Alikuwa na miaka saba. Sikio la kushoto lilianza kutoa usaha wakati wa mvua. Nilimtilia mafuta ya moto kidogo, halafu dawa ya maji ya mtu aliyekuwa akipita na chupa, sijui ilikuwa nini, ilikuwa nyeusi na alilia sana. Mwambie daktari hivyo: mafuta, na dawa nyeusi, miezi mingi. Usaha ulikauka, nikashukuru. Lakini kusikia hakukurudi.

Mwalimu wake wa darasa la pili aliniita. Akasema mtoto hasikii, apelekwe hospitali, wakiandika cheti atapata nafasi kwenye shule ya viziwi. Alisema vizuri, hakunitukana. Mimi nilisimama nikamwambia, "Mwanangu si kiziwi. Ana maringo." Darasa zima likacheka, na yeye mwenyewe, aliyekuwa ananitazama midomo, akacheka. Nikaona, hee, imekaa vizuri. Nikamshika mkono tukaenda nyumbani, na siku ile ile nikamfundisha. Nilimwambia, usipomsikia mtu usiseme "nini?" Usiweke mkono sikioni. Inua kidevu, tabasamu, pita. Watasema una maringo, waache waseme. Mbele ya watu usikiri, hata mimi nikiwa nimekufa usikiri.

Ngoma nilimfundisha mimi. Nilimkalisha mbele yangu, nikampigia mapigo mgongoni kwa viganja, wimbo baada ya wimbo, mpaka akashika, na baadaye akajua kuyapokea kwa nyayo. Ile kwaya niliyokusifia, wao walimtazama yeye na yeye alitazama mguu wa mwalimu.

Utaniuliza kwa nini. Wewe humkumbuki kaka yetu mkubwa, ulikuwa mgongoni. Hakuzaliwa hasikii, alikuja kuumwa. Watu hawakumwita kwa jina, maana ungemwita mpaka jioni. Walimtupia kijiwe. Ukitaka ageuke, unaokota kijiwe, unamtupia mgongoni. Majirani walifanya hivyo, na baba, na watoto wadogo kwa kucheza. Na mimi nilimtupia. Nilikuwa nikimpelekea chakula shambani, mikono imejaa, naweka chakula chini, naokota kijiwe. Alikuwa anageuka anatabasamu, kwa sababu alijua ni mimi, vyangu vilikuwa vidogo. Alikufa lori likirudi nyuma. Dereva aliapa kwamba alipiga honi, na alisema kweli, tuliisikia sote.

Basi mwanangu nilipomwona haitiki, niliona vijiwe tu. Nikasema, heri aitwe mwenye maringo.

Sikujua kwamba ugonjwa unaendelea. Wallahi sikujua. Nilidhani umeondoka na kitu kilichobaki ni aibu, na aibu mimi naiweza.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, nimeikunja mara nne. Ni yake. Mpe mkononi, usimsomee. Nimeandika kwa herufi kubwa, tena fupi. Nimemwambia kwamba nilikosea na kwamba aende kwa daktari leo, si kesho. Na kwamba lile neno nililomfundisha nimelirudisha.

Kama kikao kitapita kabla hajasema mwenyewe, barua hii wasomee wao. Yote, mpaka pale pa vijiwe. Wamfukuze mtu wanayemjua.

Dada yako.


Kituoni, 16 Juni

Dada,

Barua yako ilifika tarehe 13 jioni. Basi liliharibika njiani siku mbili, na mimi nilikuwa nakwenda stendi kila siku mpaka wapiga debe wakadhani nina mchumba.

Nilimpa karatasi yake katika chumba chake cha ngoma, wanafunzi wameshaondoka. Aliisoma amesimama. Akaikunja mara nne kama ilivyokuwa. Akaketi kwenye sanduku lake akaanza kuvaa viatu, taratibu, kamba moja moja, kama mtu anayejifunza. Aliniambia tu, "Mama mdogo, kesho ukae mbele yangu, ili nikuone midomo. Wakisema haraka, rudia wewe."

Kikao kilikuwa ukumbini, watu tisa mezani. Mwenyekiti akaanza kwa maneno mazuri ya kumzunguka, unavyojua watu wa kamati. Mwanao akasimama. Akasema, "Mwenyekiti, umegeukia dirishani, sijakusikia. Mimi sisikii. Sikio la kushoto halisikii kabisa, la kulia nusu. Nilikuwa naficha. Mama fundi, siku ile ya stoo sikukusikia, naomba radhi. Mzee mfinyanzi, salamu zako tano nazipokea leo zote."

Fundi cherehani akainuka, akazunguka meza, akamwendea mpaka usoni, karibu pua ziguse, akapiga ukelele: "HUJAMBO?" Akamjibu, "Sijambo, mama. Shikamoo." Yule mama akatugeukia: "Kumbe ana adabu! Na mimi miezi yote hii nawaambia watu huyu kalelewa vibaya!" Watu wakacheka mpaka Mwenyekiti akagonga meza. Nilitaka kumwambia juu ya malezi, nikaona aa, leo tupumue.

Hawakumfukuza. Barua yako sikuwasomea, haikuhitajika. Darasa limesimama mpaka atakapotoka hospitali, na baada ya hapo watakaa tena; kwa sasa kila asubuhi anashinda chumbani kwake akikaza ngozi za ngoma. Wasichosema ni kama anaweza kufundisha sikio la kulia nalo likienda. Hakuna aliyeuliza, na yeye hakuwasaidia kuuliza.

Jana tulirudi kwa daktari, na kupasuliwa ni tarehe 17 Julai. Daktari aliandika yote uliyosema, mafuta na dawa nyeusi. Akatikisa kichwa. Nilimuuliza atasikia? Akasema kwanza tuokoe kichwa.

Sasa hili la mwisho ni gumu. Nilimwambia akuandikie. Hataki. Nikamwambia basi mtumie ujumbe wa simu, hata salamu. Amesema hana hasira, ila hajui aanzie wapi. Halafu akasema, "Aje. Lakini aje yeye, asije na watu."

Mdogo wako.


Nyumbani, 28 Juni

Mdogo wangu,

Tumeipata barua, na shemeji yako ameisoma mwenyewe, kwa sauti, peke yake bandani. Kuku wote sasa wanajua. Anakusalimu. Anasema mwanawe amesema vizuri.

Nimekwenda kwenye kikundi. Nilikusudia kuwaambia kwamba basi limepata hitilafu, na maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Nikayameza. Niliwaambia mwanangu hasikii, na mimi ndiye niliyemfundisha kuficha, na ninakwenda peke yangu. Mweka hazina akaanza kulia. Mwenyekiti wetu akasema, "Na sare za njano?" Nikamwambia mtazivaa sokoni. Tulicheka kidogo, lakini nilipofika nyumbani sikuingia ndani, nikakaa kwenye ngazi.

Sasa sikiliza. Naondoka Jumatano, nitafika kwenu Alhamisi ya tarehe 5 asubuhi. Usije stendi kunipokea. Usimwambie saa. Najua darasa limesimama, lakini umeniambia kila asubuhi anashinda chumbani kwake akikaza ngozi za ngoma. Niache niingie mwenyewe.

Nimefikiri sana jinsi ya kuingia. Unanijua, mimi huanza kuongea nikiwa bado barabarani, na tangu azaliwe sijawahi kumfikia mwanangu kimyakimya. Safari hii sitamwita, wala sitamgusa kwa nyuma akashtuka. Nitasimama mlangoni mahali ambapo macho yake yatafika akiinua kichwa. Nitangoja. Akikaza ngozi tatu kabla hajaniona, nitangoja ngozi tatu. Wapitaji wakisema yule mama mbona amesimama hivyo, waambie wamwache.

Na ukiona ameinua macho, akanitazama, halafu akainamia kazi yake tena, usije kutusuluhisha. Hilo nalo litakuwa jibu, na nitalisimamia palepale nilipo. Mimi nilimkalisha kimya miaka ishirini na sita. Siwezi kushindwa asubuhi moja.

Omba tu ainue macho.

Dada yako.